Nyumba Iliyoitwa Australia

Grezzju Zerafa hakuwa na mke, hakuwa na gari, hakuwa na meno ya kutosha kutafuna mkate wa juzi. Hakuwa na sauti ya kuimba kanisani wala pumzi ya kupuliza tarumbeta, ndiyo maana katika bendi yetu ya Klabu ya Nyota alipewa matoazi, chombo kinachohitaji mikono miwili na ujasiri tu. Hakuwa na subira. Hakuwa na ndugu hapa Malta, kwa kuwa dada yake wa pekee, Dolor, alihamia Melbourne tangu enzi za meli na hakurudi. Hakuwa na pesa za kumlipia dada huyo tiketi ya ndege. Na nyumba yake haikuwa na namba.

Hilo la mwisho halikumsumbua mtu yeyote pale Hal Bellut. Katika mtaa wetu wa Mtakatifu Rokku nyumba zina majina. Waliokwenda kufanya kazi ng'ambo, na hata waliotuma pesa za kujengea bila kurudi, waliandika mlangoni jina la mahali palipowalisha. Nyumba ya Salvu ni Toronto. Ile ya wajane wawili wa kwenye kona ni Detroit. Katikati ipo Ave Maria, ya mwalimu mstaafu ambaye hakusafiri kokote. Na ya Grezzju, iliyojengwa kwa mshahara wa Dolor kutoka kiwanda cha biskuti, ina kigae cha buluu kilichochorwa kangaruu, na chini ya kangaruu neno moja: Australia.

Wakati wa Pasaka Dolor alipiga simu. Grezzju aliipokea akiwa baa ya klabu, akajibu kwa sauti ya mtu aliyekaa maisha yake yote katikati ya matoazi mawili, kwa hiyo sote tulisikia.

"Magoti? Magoti yamefanya nini? Mwaka wa mwisho wa kusafiri? Usiseme hivyo, dada. Sikiliza. Mwezi wa nane, siku ya sikukuu, utamwona Mtakatifu Rokku akitoka kanisani mabegani mwa watu, utamwona kwa macho yako, ukiwa umesimama mlangoni kwako. Nauli niachie mimi. Nimesema niachie mimi."

Alipokata simu, baa yote ilikuwa inamtazama. Cetta, anayesimamia baa, aliweka glasi chini taratibu.

"Mzee Grezzju, nauli hiyo utaitoa wapi? Utauza matoazi?"

"Mungu ni mkubwa."

"Mkubwa sana. Lakini shirika la ndege linataka kadi."

Grezzju alikuwa na starehe moja ndogo. Jioni, mapumziko ya mazoezi ya bendi yalipofika, alicheza tombola, mchezo wa namba, kwenye simu, katika kasino ya mtandaoni iitwayo Farfett. Alinunua kadi za bei ya kikombe cha chai, akakaa na miwani puani akisubiri namba zitoke, kama mama zetu walivyokaa ukumbi wa parokia wakifunika namba kwa maharage. Kasino ziko nyingi, lakini yeye aliichagua Farfett kwa sababu chini kabisa ya ukurasa wake palikuwa na muhuri wa mamlaka yetu ya michezo ya kubahatisha, ya Malta. "Nacheza nyumbani," alikuwa akisema. "Ofisi yao iko San Giljan. Wakinichokoza napanda basi."

Wiki moja hivi baada ya ile simu, tukiwa tumepumzika kati ya wimbo na wimbo, Grezzju aliinuka kwenye kiti, akakaa, akainuka tena. Kadi yake ya tombola ilikuwa imejaa yote, na kabla ya mwingine yeyote, na usiku huo kapu la zawadi lilikuwa limenona. Cetta alivaa miwani yake, akaitazama ile simu, akaitazama tena kwa kuigeuza upande.

"Inatosha tiketi," alisema. "Kwenda na kurudi. Na inabaki ya kununua viatu, maana hivyo vyako dada yako atalia akiviona."

"Wape watu wote kinywaji."

"Nitawapa zikifika mfukoni. Sasa hivi zinacheka tu kwenye skrini."

Cetta hakuwa anasema ovyo. Ujana wake aliutumia akigawa karata kwenye meli za watalii, na alijua kwamba kati ya kushinda na kulipwa kuna njia yenye kona. Kona ya Grezzju ilikuja kesho yake asubuhi kwa barua pepe. Alimletea Cetta aisome, na Cetta akaisoma kwa sauti, kwa kuwa siri haidumu pale klabuni hata ukiifungia jikoni.

Farfett walisema wamehakiki akaunti yake kabla ya kumlipa, wakagundua kwamba anaishi Australia. Sheria ya Australia, walisema, inakataza kasino za mtandaoni kuwapokea wakazi wa nchi hiyo. Kwa hiyo akaunti imeondolewa chini ya leseni ya Malta, imehamishiwa kwa kampuni dada yenye leseni ya kisiwa kingine, na huko imefungwa. Ushindi umefutwa. Mwenye malalamiko ayapeleke kwenye ofisi ya kisiwa hicho, anwani ni sanduku la posta lifuatalo.

"Mimi naishi Australia?" Grezzju aliuliza. "Nimekunywa chai hapa asubuhi."

"Anwani uliandikaje ulipojisajili?"

"Kama ilivyo. Australia, Mtaa wa Mtakatifu Rokku, Hal Bellut."

Cetta alifumba macho. "Neno la kwanza."

"Ndilo jina la nyumba. Ningeandika nini, Kangaruu?"

Tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Kwenye kalenda ya baa Mtakatifu Rokku alikuwa amesimama na mbwa wake, akimtazama.

"Hiki kisiwa kingine kiko wapi?" aliuliza.

"Mbali. Ng'ambo ya bahari ile kubwa. Sikiliza, mzee wangu. Kwenye meli, kasino ilifunguliwa tukishafika bahari kuu, na sheria iliyotutawala ilikuwa ya bendera iliyoko nyuma ya meli. Mchezaji akidhulumiwa, malalamiko yake yalikwenda kwa nchi ya bendera, nchi ambayo hata nahodha hakuwahi kufika. Na hizi kasino ni hivyohivyo. Ni kama parokia. Padri anayekuzika ni wa parokia uliyoandikwa. Ukiwa chini ya leseni ya hapa, pesa ya mchezaji inatengwa na ya kampuni, na mkigombana kuna msuluhishi wa kuwasikiliza bure. Ukihamishiwa kule, unaandikia sanduku la posta."

"Basi nirudishwe parokia yangu."

Aliipigia simu mamlaka yetu, na mamlaka ikamjibu kwa adabu na kwa uwazi: kama alipojisajili alikuwa mkazi wa Malta, akaunti yake ni ya leseni ya Malta, na kampuni ina wajibu wa kumlipa au kujieleza. Aanze kwa kuithibitishia kampuni ukazi wake. Wasipomsikia, arudi.

Akaanza kuthibitisha, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Alituma kitambulisho chake. Kimeandikwa Australia, Mtaa wa Mtakatifu Rokku. Kompyuta yao ilisoma neno la kwanza ikaridhika. Alituma bili ya maji, nayo iko kwa jina la Dolor, mwenye nyumba, na anwani ni ileile. Wakamjibu kwamba bili inathibitisha familia iko Australia. Kwamba simu yake inaonekana ikiwa Malta haikusaidia, kwa sababu, walisema, wachezaji wengi wa ng'ambo wana ujanja wa kuficha walipo. Wakamwomba picha ya mlango wa nyumba.

Hapa nakiri kwamba sisi marafiki zake tulipaswa kumzuia. Lakini Grezzju ni mtu wa kujivunia mlango. Alikipaka kigae mafuta kikang'aa, akapangusa kangaruu masikio, akatundika na ile bendera ndogo ya Australia aliyoletewa na binamu, kisha akajipiga picha akiwa amesimama pembeni na kofia.

Jibu lilikuja mchana uleule. Walimshukuru kwa uthibitisho ulio wazi.

Jirani yake Salvu wa nyumba ya Toronto aliisikia habari hiyo na akavuka barabara. Ili uelewe uzito wa kuvuka kule, ujue kwamba Salvu ni wa klabu ya pili, Klabu ya Tai, na ndiye mkuu wa mafundi wao wa fataki. Nyota na Tai tuna parokia moja, mtakatifu mmoja, na hatukubaliani jambo lolote lingine. Lakini Salvu alicheza marumaru na Dolor utotoni.

"Zerafa," alisema akiwa mlangoni, "nasikia umehama nchi bila kuaga."

"Ingia ucheke ukiwa umekaa."

Salvu aliingia, akakaa, akamegewa pastizzi, andazi la jibini lililokuwa bado moto. Cetta naye alikuwapo, nami pia, maana tulikuwa tumekuja kuona bendera.

"Dawa ni rahisi," Salvu alisema. "Toa kigae. Serikali ya mtaa itakupa namba, utakuwa nyumba namba fulani kama wakazi wa mjini, utabadilisha kitambulisho, mambo yamekwisha."

Hata mimi niliona ni wazo zuri. Grezzju aliinuka akaenda kusimama dirishani.

"Dolor alipaki biskuti mpaka vidole vikapinda," alisema. "Kila tofali humu ni biskuti. Kigae alikinunua yeye, akakifunga kwenye taulo, kikaja kwa meli bila ufa. Mwezi wa nane ashuke kwenye teksi akute namba? Atasema, kaka, nimekosea nyumba. Na atakuwa sawa. Kigae hakitoki."

"Na tiketi?"

"Na tiketi nataka."

Cetta alifuta makombo mezani kwa kiganja. "Basi umpate mtu huko Farfett mwenye macho. Hizo barua zinajibiwa na mashine."

Grezzju alipanda basi hadi San Giljan. Alirudi akasema ofisi ni ya vioo vitupu, mlinzi ni Mserbia, na mchezaji haruhusiwi kupanda juu hata akija na mchuzi wa sungura, naye alikuwa amekwenda nao. Mlinzi aliula mchuzi, akapiga simu mbili tatu, na mwisho akampa jina: Tuuli, dada mmoja wa Ufini, wa kitengo cha uhakiki. Tuuli angempigia kwa video. Grezzju achague siku na saa.

"Jumamosi," Salvu alisema papo hapo aliposikia. "Saa sita mchana."

"Kwa nini saa sita?"

"Jumamosi ni ya Mtakatifu Yosefu."

Huku kwetu, sikukuu kubwa ni ya Rokku mwezi wa nane, lakini mwezi wa tano tuna ndogo ya Yosefu, na saa sita mchana Tai hufyatua fataki zao za kelele. Ni mabomu, hasa. Hayana rangi wala maua. Yanapaa, yanapasuka, na mbwa wote wanaingia chini ya vitanda.

"Wewe unataka kumtisha mtoto wa watu," Cetta alisema.

"Nataka ajue Zerafa yuko wapi. Nina leseni ya baruti, dada. Imeandikwa uwanja gani, saa ngapi, nani anawasha. Kioo chako kikipasuka huulizi mji mzima, unakuja Toronto kugonga hodi. Leseni inafaa kwa jambo gani lingine, kama si kumwonyesha mtu mlango wa kugonga?"

"Kioo changu kilipasuka mwaka juzi," Grezzju alisema. "Nikaja kugonga. Ukasema ni upepo."

"Ulikuwa upepo. Wa fataki. Nilikulipa."

"Ulinilipa kwa divai."

"Na ukainywa."

Jumamosi ile mtaa wote ulikuwa nje kabla ya saa. Vijana wa Nyota walikuwa juu ya ngazi wakifunga mapazia mekundu, wa Tai wakifunga ya buluu upande wa pili, na matusi ya kirafiki yakivuka barabara juu ya vichwa vya watu. Simu ililia. Kwenye skrini alitokea mwanamke mwenye nywele nyeupe kama kitani, nyuma yake dirisha refu na kipande cha bahari.

"Bwana Zerafa, habari za mchana. Mimi ni Tuuli. Naomba unionyeshe ulipo."

"Nipo Australia," Grezzju alisema.

Cetta alimfinya.

"Yaani nyumba. Nyumba ndiyo Australia. Tazama, dada yangu. Huyu ni kangaruu. Sasa njoo huku." Akaanza kutembea na simu ameiinua kama padri na msalaba. "Hii ni Toronto. Huyu aliyevaa fulana ni mwenyewe, Salvu, si mtu mbaya sana. Hii ni Ave Maria. Mwalimu, sema neno. Mwalimu ni mwenye haya. Hii ni Detroit, na hawa ni mabibi wa Detroit."

Wale wajane wawili walipunga leso. Mmoja akauliza kama binti ameolewa.

Tuuli alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Nyumba zote zina majina ya ng'ambo?"

"Nyumba zote zina majina ya mshahara."

"Nimeishi Malta miaka minne," Tuuli alisema, "na sijawahi kutoka San Giljan na Sliema. Bwana Zerafa, mimi nakuamini. Lakini mkuu wangu atasema mitaa kama hii ipo Melbourne pia, iliyojaa Wamalta, yenye mapazia na mabibi wanaouliza habari za ndoa."

Na hilo lilikuwa kweli. Dolor mwenyewe alituambia zamani kwamba kule wanambeba Mtakatifu Rokku wao mitaani, na wazee wanagombana kama hapa. Grezzju aliishusha simu ikaelekea viatu vyake. Niliona uso wake, nikaona tiketi ikienda.

Salvu ndiye aliyeinama kwenye skrini.

"Bibie, fungua dirisha."

"Samahani?"

"Fungua dirisha lako hapo ofisini. Kisha nitajie namba. Kati ya moja na tano, yoyote unayopenda."

Tuuli alitazama pembeni, akatazama tena. "Nne," alisema, na akaenda kufungua dirisha.

Salvu alitoa simu yake, akawaambia vijana wake kule uwanjani, "Anzeni na nne. Nne peke yake, halafu nyamazeni mpaka niseme." Kengele ya kanisa ilikuwa ikigonga saa sita. Watu wa Tai waliacha kutukana, watu wa Nyota pia.

Zikapaa nne. Zilipasuka moja baada ya nyingine juu ya mapaa, ardhi ikatetemeka chini ya soli, na kangaruu akalia kidogo ukutani. Tuuli alirudisha kichwa nyuma, kwa maana mlipuko ulimpiga masikioni kupitia simu.

"Nimesikia," alisema. "Nne. Kwenye simu."

"Subiri," Salvu alisema.

Tukasubiri. Mtu alikohoa. Mwalimu wa Ave Maria, mwenye haya, alianza kusogeza midomo akihesabu, akaona tunamtazama, akaacha. Kwenye skrini Tuuli alisimama kando ya dirisha lake lililo wazi, pazia likipepea, na nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameondoka mezani kuja kuona kuna nini.

Kisha tukaliona kabla hatujalisikia: aligeuka ghafla kuelekea dirishani. Na kutoka ndani ya simu, kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa chini, ikaja ngurumo. Moja. Ya pili. Tuuli alikuwa ameinua vidole. Ya tatu. Ya nne. Kioo cha ofisi kikaimba.

"Zimekuja zenyewe," alisema. "Kwa hewa."

"Kutoka Melbourne zingechelewa kidogo," Salvu alisema.

Ofisi yote ilicheka, tulisikia, na mtaa wote ukacheka, na Salvu akasema neno moja kwenye simu yake, na Tai wakafyatua zilizobaki zote kwa mpigo. Bendi yetu haikuweza kukubali kushindwa kelele. Grezzju alimkabidhi Cetta simu, akakimbilia matoazi, na tukapiga wimbo wetu wa maandamano mbele ya nyumba ya Australia, wa Tai wakipiga makofi bila kujua wanafanya nini.

Tuuli aliandika taarifa yake siku hiyohiyo. Alisema uhakiki umesikika kwa masikio ya ghorofa nzima. Jumatatu barua ilikuja: kosa lilikuwa la kampuni, akaunti imerudi chini ya leseni ya Malta, ushindi ni halali. Chini yake Tuuli aliongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba kila mchezaji asome leseni inayomhusu yeye, iliyo kwenye masharti ya akaunti yake, asitosheke na muhuri wa chini ya ukurasa; kampuni moja inaweza kuwa na leseni mbili, na nchi uliyoandikishwa ndiyo inayoamua utalindwa na ipi. Kisha aliuliza sikukuu ya mwezi wa nane ni lini, na kama angeweza kuja na mlinzi Mserbia, ambaye haachi kuzungumzia sungura.

Cetta alitoa vinywaji siku pesa zilipofika, si siku moja kabla. Salvu alikunywa divai yake ndani ya klabu ya Nyota, akiwa amesimama karibu na mlango ili aweze kusema kwamba hakuingia.

Tiketi tuliichapisha kwa mashine ya klabu. Ingeweza kutumwa kwa barua pepe, lakini Dolor haamini kitu asichoweza kukikunja. Grezzju alikaa meza ya kona na kalamu, akaandika, akafuta, akaandika.

"Umemwambia nini?" Cetta aliuliza.

"Nimemwambia nyumba ipo, kigae kipo, na akifika uwanja wa ndege amwambie dereva: nipeleke Australia, Hal Bellut. Dereva akicheka, ni wa hapa. Asipocheka, ashuke."

Alikunja tiketi mara mbili pamoja na ratiba ya sikukuu, akaongeza utepe mwekundu wa Nyota. Salvu aliusogeza wa buluu wa Tai mezani, na baada ya kuutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika Grezzju akautia nao. Aliilamba bahasha, akaibana kwa ngumi kama anayefunga mlango wa meli. Tulimsindikiza hadi kwenye lile sanduku jekundu la posta mbele ya kanisa, watu wa Nyota na mmoja wa Tai. Alisoma anwani ya Melbourne mara ya mwisho, neno kwa neno, akaidumbukiza barua, na sote tukasikia ikigusa chini.